Aliyefunga Maji ya Kitongoji

Mimi simwamini mtu anayefunga kitu cha watu halafu akaondoka na spana mfukoni. Ndivyo nilivyolelewa, na hadi asubuhi ile hapa Nkowe hakuna aliyekuwa amenionyesha kwamba nakosea. Bomba la kitongoji chetu lilikoroma, likatoa matone mawili, likanyamaza. Ndani nilikuwa na mkwe wangu Yasmini, siku ya tatu tangu ajifungue, na ndoo zangu zote zilikuwa tupu. Mzazi anataka maji ya moto ya kuoga, anataka uji, na nepi za mtoto hazina subira.

Msimamizi wa bomba lile ni mimi. Jumuiya ya maji ilinichagua kwa sababu, walisema, Mwantumu haibiwi hata tone. Kwa hiyo nilijua pa kuanzia. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa msibani Lionja na simu yake ilikuwa imezimwa. Kwenye ukuta wa nyumba ya pampu kumeandikwa kwa rangi namba ya kupiga kukiwa na dharura, nikaipiga. Akapokea katibu wa zamani, aliyehamia Masasi mwaka juzi, akasema yeye hahusiki tena, nimpigie Titus. Nilicheka kwa hasira. Titus ndiye mtunza pampu, mwenye spana. Nimpigie mwizi nimuulize kama ameiba?

Huyu Titus ametoka Nambambo, upande wa Nachingwea. Sisi wa Ruangwa tunataniana nao sana, lakini utani wangu kwake ulikuwa na meno. Ni kijana mpole mno, husalimia kila mtu hadi watoto wa shule, na mtu mpole kiasi hicho ana jambo. Jirani yangu Biasha alikuwa amemwona asubuhi hiyo akipita mbio kwenye bodaboda kuelekea Ruangwa mjini, dumu la maji limefungwa nyuma. Bomba halitoi, na mtunza pampu anapeleka maji mjini. Nikamwambia Biasha kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Simu yangu ikaita. Jina lilikuwa la Titus. Sikupokea, maana mwizi akikupigia anataka kujua umeshajua nini. Ikaita tena. Nikaifunga kwenye pindo la kanga nikaiacha itetemeke humo peke yake.

Tulikwenda mimi na Biasha hadi kwenye shimo la koki, pale bomba la upande wetu linapoanzia. Shimo lilikuwa limefunikwa kwa matawi mabichi ya mkorosho. Nikasema, ona anavyoficha kazi yake. Biasha akasema huenda ni alama ya hatari, kama madereva wanavyotandaza majani gari likiharibika. Nikamwambia hapa si barabarani. Marehemu mume wangu alikuwa fundi baiskeli na spana zake ninazo, moja nilikuwa nimekuja nayo. Tukaondoa matawi, tukaishika spana wote wawili, koki ikafunguka.

Tuliporudi bombani, maji yalikuwa yanatoka na ukungu mweupe na harufu kidogo. Biasha alikunja pua. Nikamweleza kwamba maji yaliyolala ndani ya bomba siku zote hutangulia machafu, na harufu ile ni ya msimu, kwani watu wakianza kupuliza mikorosho hata kanga zetu hunuka dawa. Hilo ni kweli kabisa, na ndiyo maana alinisadiki. Wanawake wakaja na ndoo. Kila aliyekinga nilimweleza kwamba Titus ni mwongo, anauza maji yetu mjini, na kwamba mimi nimeyarudisha. Nakiri nilijisikia vizuri sana.

Nikapeleka ndoo nyumbani, nikampikia Yasmini uji, nikamwachia kikombe pembeni upoe, kisha nikarudi kusimamia foleni. Hazikupita dakika nyingi, Titus akatokea kwenye bodaboda pamoja na fundi wa maji kutoka mjini. Alipoona bomba linamwaga, aliruka kabla pikipiki haijasimama.

"Mama, nani amefungua?"

"Mimi. Na wewe ulifunga kwa ruhusa ya nani?"

Alifunga bomba kwanza, ndipo akanieleza, kwa sauti ile ile yake ya upole iliyokuwa ikiniudhi. Jana jioni greda la barabara lilikata bomba kule juu. Yeye aliliunga kabla ya magharibi. Lakini alfajiri mkulima mmoja alimfuata. Bomba lilipokatwa, mkulima huyo alikuwa akichanganya dawa ya mikorosho, mpira wa maji umezama ndani ya pipa. Maji yalirudi nyuma, yakafyonza dawa nusu pipa na kuiingiza kwenye bomba letu. Titus akafunga koki, akatandaza matawi, akachukua dumu la maji kwenda kupimwa, na akawapigia wasimamizi wote watano wa mabomba. Wanne walipokea, wakawazuia watu wao.

"Wewe nimekupigia mara saba, mama," alisema.

Sikungoja aendelee. Nilikimbia nyumbani jinsi ambavyo sikuwahi kukimbia tangu nilipokuwa msichana. Yasmini alikuwa amekaa mkekani, kikombe ki mdomoni, anapuliza. Nilikipiga kofi. Uji ukamwagika ukutani, mtoto akaamka akalia, na mkwe wangu akanitazama kama anayetazama mwendawazimu. Nilimuuliza mara tatu kama amekunywa. Hakuwa amekunywa, ulikuwa bado wa moto. Nilimkumbatia yeye na mtoto pamoja, kisha nikamwaga ndoo yangu na kutoka.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Biasha. Wanawake watatu wa foleni walikuwa wamesimama uani kwake na ndoo zao. Nikawaambia wamwage, maji yana sumu, Titus amesema.

"Asubuhi Titus alikuwa mwongo," alisema Biasha. "Sasa mwongo ndiye shahidi wako?"

Mmoja akanong'ona kwamba nataka maji yabaki kwa ajili ya mkwe wangu. Mwingine akasema labda Titus amenipa fungu langu. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, niliyowagawia pamoja na maji, nao walikuwa wameyatunza vizuri. Hakuna aliyemwaga. Mtoto wa Biasha alikuwa ameshika kata, na mama yake alimzuia mkono lakini ndoo hakuigusa.

Uongo ulinijia tayari mdomoni. Ningeweza kusema simu iliishiwa chaji. Badala yake nilifungua pindo la kanga nikampa Biasha simu, aone jina na idadi.

"Alikuwa ananionya. Niliona jina lake, sikupokea," nilisema. "Koki nimefungua mimi, na sumu nimewaletea mimi."

Biasha alisoma. Kisha akashika ndoo akaimwaga chini, na wale watatu wakamwaga zao na kukimbilia kwa majirani. Nilidhani imekwisha. Lakini yeye aligeuka polepole kuangalia kibarazani, alipokaa mama mkwe wake, bibi Hajira, na kikombe kitupu miguuni. Bibi alikuwa ameinama, anashika tumbo, na udenda unamtoka. Baadaye alilazwa zahanati siku mbili akarudi amekonda, lakini pale hakuna aliyejua kwamba atarudi.

Ilihitajika pikipiki, na iliyokuwa karibu ni ile aliyokuja nayo Titus. Nikamwambia Biasha anipe simu yangu nimpigie.

"Hapana," alisema, huku akinirudishia yangu na kutoa yake. "Nisomee namba nipige mwenyewe. Nikingoja upige wewe, nitazika."

Nikamsomea tarakimu moja baada ya nyingine, naye akawa anazirudia kwa sauti, ili na wanawake waliokuwa wakirudi na ndoo tupu waziandike.