Bahari ya Jana

Kutoka Eldoret hadi ufuo wa bahari ni safari ya usiku mzima kwa basi, na Wamucii hakuwahi kuifanya hata mara moja. Hata hivyo, kwa miaka mitatu yeye ndiye aliyekuwa akiamua bahari inasema nini. Juu ya duka la dawa za mifugo, katika chumba chenye baridi ya bure inayozifaa kompyuta kuliko joto na chumvi ya pwani, alibuni mfumo wa kupokea na kutunza habari za maboya kumi na mawili: urefu wa mawimbi, upepo na joto la maji, kila baada ya dakika kumi, na pia mahali zilipo boti za mafundi wanaoyahudumia.

Mfumo ulikuwa mzuri na wageni walioufadhili waliusifu. Walichochukia ni mapengo tu. Boya likinyamaza, jedwali lilibaki na tundu, na wageni wakaanza kuuliza maswali. Bwana Aden, mkuu wa ofisi, mtu mpole asiyependa kabisa kuulizwa maswali, akamwomba Wamucii ayazibe.

Wamucii alijua la kufanya, maana alilelewa nalo. Baba yake, Mzee Thuo, alikuwa karani wa kupokea maziwa ya wafugaji huko Chepsaita, na mizani ilipoharibika aliandika lita za jana. Ng'ombe ni wale wale, nyasi ni zile zile, na hakuna aliyewahi kulalamika. Basi Wamucii akauagiza mfumo hivi: boya likinyamaza, rudia takwimu za jana za saa kama hiyo; boti ikinyamaza, iendeleze kwa mwendo na mwelekeo wake wa mwisho. Mwanzoni takwimu za kujazia zilipakwa njano ili mtu asidanganyike. Wageni wakauliza njano ni ya nini. Njano ikaondolewa, na nani aliyeiondoa? Ni yeye mwenyewe, kwa vidole vyake, Ijumaa moja akiwa na haraka ya kwenda nyumbani.

Sasa, Alhamisi moja ya Julai, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mdogo wake Kuria alimpigia simu kutoka pwani. Kazi yake ya ufundi wa maboya ni Wamucii aliyemtafutia, na mama yao hakuwa amemsamehe bado kwa kumpeleka mwanawe baharini. Kuria na wenzake wawili walikuwa wakienda kusafisha boya la nne, kilomita arobaini nje, na alitaka kujua huko kukoje, kwa sababu jetini, pale boti zinapofungwa, maji huweza kutulia hata kule mbali kukiwa kumechafuka.

Wamucii alifungua ukurasa, kikombe cha chai mkononi. Boya la nne lilisema mawimbi ya nusu mita.

"Kumetulia," akamwambia. "Nendeni."

"Sawa, sister. Wewe ukisema, mimi naenda."

Saa tatu na nusu, akiandaa ripoti ya wiki, aliweka takwimu za jana na za leo sambamba. Zilifanana. Si kwamba zilikaribiana; zilifanana mpaka tarakimu ya mwisho, mstari baada ya mstari, tangu saa tisa usiku. Akachimba mpaka akaufikia ujumbe wa mwisho ambao boya lenyewe lilituma kabla ya kunyamaza: mawimbi ya mita mbili na nusu, yakizidi kupanda.

Alimpigia Kuria. Hakupatikana. Akapiga tena na tena, mpaka Bwana Aden akaja kusimama nyuma yake kuuliza kuna nini. Alipoelezwa akanyoosha kidole kwenye ramani ya kompyuta. Doa jekundu la boti ya kina Kuria lilikuwa limegeuka na lilikuwa linaelekea ufuoni.

"Si unaona? Wamerudi nyuma," akasema. "Wanakuja, alhamdulillahi."

Wamucii alilia kwa furaha, wala hakuona aibu. Alimpigia Marion, mwenzao anayesimamia jeti kule pwani, naye akasema hata yeye analiona doa hilo kwenye simu yake, na kwamba boti ya uokoaji, ambayo ilikuwa tayari imewashwa injini, ameiambia itulie.

Kwa saa nzima na zaidi walilitazama doa likija. Lilikuja vizuri. Lilikuja vizuri mno, na hapo ndipo hofu ilipomrudia: mwendo ule ule, dakika baada ya dakika, katika mstari ulionyooka kama uliopigwa kwa rula. Bahari iliyochafuka haimpi mtu mstari kama huo. Angeweza kuhakikisha papo hapo kwa kutafuta ujumbe wa mwisho wa boti yenyewe. Lakini alikaa, mikono mapajani, akiogopa kujua.

Saa tano na dakika nne Marion akapiga.

"Wamucii, hapa kwa simu wamefika. Mimi niko kwa jeti. Hakuna boti."

Kwenye ramani doa lilipita jeti bila kupunguza mwendo, likapanda nchi kavu, likavuka barabara na kuendelea kuingia bara.

Wamucii akaizima kanuni yake ya kujazia mapengo. Ilikuwa kazi ya sekunde mbili. Maboya kumi na mawili yakawa matatu. Yale mengine hakujua yamenyamaza tangu lini. Doa likatoweka. Ujumbe wa mwisho wa kweli kutoka kwenye boti ulikuwa wa saa tatu na dakika kumi na nne. Boti ilikuwa imegeuka, ndiyo, kisha ikanyamaza. Njia nzima ya kurudi ilikuwa imetembezwa na mfumo. Alimsomea Marion namba za mahali hapo mara mbili, akasikia Marion akiwaamuru watu wa boti ya uokoaji waondoke.

"Hiyo ni karibu masaa mawili imepita," Marion akasema aliporudi kwenye simu. "Sasa hivi wako wapi?"

Wamucii aliitazama ramani. Kutoka jetini hadi ukingoni mwa ramani palikuwa na rangi ya buluu tu.

"Sijui," akasema.