Mama Nuru Iko ku Biro

Dieudonnée, binti wa marehemu Mama Nuru, alinikuta nikinyoa ndevu uani. Akaketi juu ya mzigo wake bila kungojea kiti. Alikuwa ametoka Kabambare kwa piki-piki, vumbi jekundu mpaka ndani ya masikio.

"Papa Antoine, nimekuja kumukamata mama, nimupeleke nyumbani," alisema. "Siku ya posho, jumamosi hii, tunaondoa kilio, tunamaliza matanga. Ukoo muzima utakuwa pale. Unajua aliagiza nini."

Nilijua. Aliniagiza mimi mwenyewe. Mama Nuru alikuwa mwanamke wa mwisho upande wao aliyejua ule wimbo mrefu wa Kibangubangu wa kulilia maiti, unaoita wazee wa zamani kwa majina, mmoja baada ya mwingine, mpaka kumfikia huyu aliyelala. Binti zake wanaimba kwaya, tena wanaimba vizuri, ila hawajui hata mstari mmoja wa huo. Siku nilipopita kwake na kimashini changu cha kunasa sauti, alijinyoosha, akakohoa, akaniambia, "Hawa watoto watanililia kama wako kwenye ubatizo. Acha nijililie mwenyewe. Siku nikifa, muniwekee." Akaimba mpaka chai yangu ikapoa. Akamalizia na jina lake mwenyewe, halafu akacheka.

Hiyo ndiyo kazi yangu, kama ni kazi. Nimetembea tangu ujana: Nyangwe kwa wavuvi, Salamabila kwa wachimbaji, Kasongo, tena Kabambare, tena nyuma. Shule nilisoma vipande-vipande, kwa mapadri kidogo, kwa Waprotestanti kidogo, hakuna hata moja niliyoimaliza. Shamba sina. Nyumba hii ya Kasongo ni ya kupanga. Nilicho nacho ni sauti za wazee, zilizokuwa zimetawanyika kwenye diski tatu: moja ndani ya mashini yangu ya kompyuta, mbili za nje za kuunganisha kwa waya.

"Umekuja wakati mzuri," nilimwambia Dieudonnée. "Gédéon ametoka kupanga kila kitu."

Gédéon ni fundi wa mashini karibu na soko. Alisomea Bukavu na hakuachi usahau. Wiki iliyotangulia mashini yangu ilikuwa inakata roho, ukiiwasha unaweza kupika ugali na kula kabla haijafunguka. Aliitazama akacheka. Alisema ugonjwa wake ni fujo: filamu zimelala juu ya Windows, wazee wamechanganyika na picha za harusi za watu. "Muzee, hata kuku hawalali hivi." Basi akagawa. Diski ya ndani, ambayo mashini inaiita C, akasema iwe ya Windows peke yake. D iwe ya wazee. E iwe ya filamu na muziki ninaowapelekea wachimbaji. Tulihamisha kutwa nzima, kila mzee na dosye yake, mfuko wake ndani ya mashini, kila dosye chini ya jina la kijiji. Halafu akaifuta C yote, akaweka Windows mupya.

Nikaileta mashini uani mbele ya Dieudonnée, nikafungua D. Ilikuwa safi kama chumba cha masista. Nikaingia Kabambare, nikawaona wote kwa mstari, waliokufa na wachache walio hai. Nuru hakuwamo. Nikaingia Nyangwe, labda alikosea njia. Nikafungua E, nikapekua katikati ya filamu za ngumi.

Dieudonnée alikuwa ameshatoa flashi yake, ameishika mbele kama mtu anayekinga maji. Mkono ukaanza kushuka.

"Papa, mama iko wapi?"

"Iko ku biro," nilisema.

Nikarudi kwenye uso wa mashini, pale vitu vinapojipanga mbele yako ukiiwasha. Binti mmoja aliyenifundisha mashini alipaita biro, yaani meza kwa Kifaransa, nami nikapaita biro. Wazee wengine niliwarundika popote. Mama Nuru nilimweka pale, peke yake, nisiwe ninamtafuta kila ninapotaka kumsikia. Sasa palikuwa na picha ya mlima mgeni na kidude cha kutupia takataka. Basi.

Nikamwita Gédéon. Alikuja akitafuna karanga.

"Muzee, mimi nilikuuliza," alisema hata kabla ya kukaa. "Si nilikuuliza? Hakuna kitu kimebakia ndani ya C?"

"Na mimi nikakujibu. Nilisema hakuna, ni Mama Nuru tu, na yeye iko ku biro."

"Ndiyo! Ku biro! Ku biro ya radio, ku ofisi yao, kwenye ile mashini ya zamani unakopelekaka hadithi zako. Nikasema sawa, yule iko salama."

"Radio ya nini? Wimbo wa maiti ningeupeleka ku radio namna gani na mwenyewe alikuwa bado hai? Biro hii!" Nikagonga kioo kwa kidole. "Hii hapa!"

Gédéon akaacha kutafuna.

"Muzee, ile biro iko ndani ya C."

"Ndani namna gani? Si iko mbele? Si ninaiona mbele, hata sijafungua kitu?"

"Unaiona mbele. Lakini inalala ndani."

Mimi nilikuwa nimeelewa hivi: ukibomoa nyumba, meza iliyo uani haiguswi. Nani angeelewa vingine?

Dieudonnée alimwangalia yeye, akaniangalia mimi. "Kwa hiyo mama amekufa mara ya pili," alisema, "na mara hii ameuawa na Kifaransa."

Gédéon akatia karanga mfukoni.

"Kile kimashini cha kunasia?" Gédéon aliuliza, sauti imeshuka.

"Kiliibiwa Salamabila."

Akavuta kiti. Alikuwa na programu ya kuvua vitu vilivyofutwa, kama mtu anayepitisha wavu mahali palipokwisha kauka. Alieleza kwamba Windows mupya imekalia sehemu kubwa ya mahali pa zamani, na kilichokaliwa hakirudi. Jua lilitoka upande huu wa ua likaenda upande ule. Vikatoka vipande visivyo na majina, namba tupu. Kimoja kilipiga mshindo kama mvua juu ya mabati. Kingine kilinyamaza. Kingine kikatoa kitu kimoja tu: mwanamke anakohoa, anasafisha koo, anavuta pumzi. Halafu kimya.

"Ni yeye," Dieudonnée alisema. "Rudisha."

Gédéon akarudisha. Kikohozi, pumzi, kimya.

"Weka ndani ya flashi."

"Dada, hii si kitu, ni—"

"Weka, nimesema." Kisha akanigeukia. "Na wewe Papa tutaenda wote. Utawaambia kwa kinywa chako. Mimi sitabeba haya peke yangu."

Nikaenda. Ningefanya nini? Tulivuka mto Luama tukiwa watatu juu ya piki-piki moja, motari mbele akiendesha, yeye katikati, mimi nyuma juu ya mzigo.

Siku ya kuondoa kilio, bafle mbili, spika kubwa za muziki, zilikuwa zimefungwa uani na watu wameshakaa. Wengine walitoka mbali kwa sababu walisikia kwamba Nuru atajililia mwenyewe. Nikasimama nikasema yote: C, D, biro. Sijui nani alielewa. Dada mdogo wa marehemu, ambaye hana meno, alinikatiza.

"Mutembezi, tumesikia. Kimebakia nini?"

"Kikohozi, Mama."

"Basi tuwekee kikohozi."

Dieudonnée akachomeka flashi. Bafle zikakohoa kwa nguvu mpaka mbuzi akashtuka. Koo likasafishwa. Pumzi ikaingia, ndefu, ile pumzi ya mtu anayetaka kuanza. Uani pote watu wakainamisha vichwa, wakangoja jina la kwanza.

Tukangoja.

Yule bibi alijaribu. Alifungua kinywa, akasema neno moja, akakosa la pili. Akanitazama mimi. Mimi nilikuwa nimesikiliza wimbo ule miaka mingi, barabarani, shimoni, kitandani na homa. Hata jina moja halikunijia. Sikuwahi kulishika kichwani, kwa sababu lilikuwa pale mbele yangu kila nikiwasha.

Kwaya ikaanza wimbo wake wa kanisa. Waliimba vizuri sana.