Sura ya Msusi Mnadani

Msusi alikuwa akimalizia kichwa cha mteja pale dada yake alipoingia saluni na habari kwamba ile sura yake itapigwa mnada mchana huo. Kwenye kioo alionekana mteja peke yake, na kitana kikitembea hewani. Ndivyo ilivyokuwa tangu mpiga picha mmoja ampige picha akipiga miayo mlangoni, kisha akaondoka na picha pamoja na sura yake ya kwenye kioo. Wateja walishazoea. Msusi hakuzoea: alipaka wanja kwa kubahatisha, na jambo hilo lilimuuma.

Basi akafunga saluni, akaenda na dada yake kuidai. Ukumbini watu walivaa nyeusi kana kwamba wamefiwa na tajiri. Mtaalamu mmoja alieleza kwamba picha za kamera bado hazifui dafu mbele ya michoro, maana nani atoe mamilioni kwa kitu kinachoweza kuchapishwa tena kesho? Ila hii, alisema, imegoma kutoa nakala ya pili.

Ilipoletwa, msusi alinyoosha mkono aseme sura ni yake. Dalali akahesabu dau. Ndani ya fremu sura nayo ikanyoosha mkono; dalali akahesabu na huo. Msusi akapunga mikono kukanusha, sura ikapunga, bei ikapaa.

"Ikalie hiyo mikono," dada yake akamnong'oneza, "utatuuza sote."

Akaikalia. Bwana mmoja mwenye kiwanda cha magodoro akatoa dau la mwisho, nyundo ikagonga.

Msusi alimfuata mlangoni, akamwomba sura yake. Bwana Magodoro alimsikiliza kwa adabu. Akasema mpiga picha ameshalipwa, na picha inakwenda kukaa stoo gizani, kwa kuwa mwanga hula rangi.

"Ila dada yangu, nakuomba usinenepe," akasema. "Utaniharibia mali."

Msusi alikasirika hasa. Kuanzia jioni ile alikula kwa makusudi, mkate na siagi juu ya siagi, mpaka magauni yote yakamkataa. Stoo ilipofunguliwa, sura ilikutwa imejaa fremu nzima, mashavu yakigusa mbao. Mtaalamu akatangaza kwamba msanii ameingia kipindi kipya, na picha ikauzwa mara tatu ya bei ya kwanza. Mpiga picha alipongezwa sana.

Msusi alishonesha magauni mapya. Fundi akamweleza kwa mdomo yanavyomkaa.