Ukali wa Mzee Kabiru

Mzee Kabiru alipoacha kugombana, wapangaji wote wa ploti yake pale Kawangware walisema ameokoka.

Huyu ni mzee aliyekuwa akifokea watu kwa sababu ya mfereji, kamba ya nguo, hata kuku wa jirani. Sasa wiki mbili nzima anapita kimya akitabasamu. Nelima, mpangaji wa mlango wa pili, alianika blanketi mbele ya nyumba ya Mzee na hakuulizwa kitu. Jumapili Nelima akasimama kanisani kutoa ushuhuda wa badiliko hilo. Wepukhulu kinyozi naye alipiga makofi, na nani asingepiga?

Jumamosi Mzee akaja kunyolewa. Miaka tisa Wepukhulu hajawahi kumnyoa bila ugomvi: mara mashine ina moto, mara ndevu zimeenda upande. Siku hiyo, kimya. Wepukhulu akazipandisha ndevu juu makusudi, amchokoze kidogo. Mzee akajiangalia kwenye kioo, akasema ni sawa. Alipopewa chai, mkono wa kulia ukalegea, chai ikamwagikia suruali yake, na wala hakulalamika.

Wepukhulu akazima mashine. Alikumbuka mwezi uliopita, Mzee alipogonga kichwa kwenye mlango mfupi aliojenga mwenyewe, na ploti ikacheka mpaka jioni. Akashika simu, kisha akasita. Haki ya Mungu, aliwaza kwamba watu wamepata amani, kwa nini aivuruge? Wazo hilo likamtia aibu. Akampigia Wangeci, binti ya Mzee anayekaa mtaa wa Nyayo Highrise. Wangeci alisema ni uzee tu, na afadhali sasa baba anaongea vizuri na wajukuu.

"Wangeci, hiki kichwa nimekishika miaka tisa," Wepukhulu akamwambia. "Baba yako ni mgonjwa. Mpeleke hospitali leo."

Picha ya hospitali ilionyesha damu iliyovuja polepole, ikajaa kati ya fuvu na ubongo na kuubana. Wepukhulu alidhani sasa kichwa kitapasuliwa kama tikiti. Daktari akasema hapana, watatoboa tundu dogo kama kifungo cha shati, waingize mrija mwembamba damu itoke, na Mzee atapigwa ganzi hapo tu. Lakini hakuwaficha kwamba hatari ipo, na ubongo uliobanwa muda mrefu haurudi sawa kila mara. Wangeci akatia sahihi fomu ya kukubali. Wakakaa kwenye benchi kusubiri.

Kesho yake walimkuta ameketi kitandani, bandeji kichwani. Alimtazama Wepukhulu muda mrefu sana. Wepukhulu akaogopa kwamba hatambuliwi.

"Nani amenyoa hapa kando?" Mzee akauliza. "Kazi mbaya namna hii. Na wewe, hizi ndevu umezipeleka wapi?"

Wangeci akaangua kilio. Wepukhulu naye akalia waziwazi, akiomba radhi kwa ajili ya ndevu.

Mzee aliporudi nyumbani, jambo la kwanza alilofanya ni kuliangusha chini blanketi la Nelima lililoanikwa mbele ya nyumba yake. Nelima akatoka, akaliokota, akalikung'uta huku akifokewa. Kisha akapaza sauti ploti yote isikie: "Tokeni nje, Mzee amepona!"