Ishirini na Nane Mara Tatu

Mwalimu Ulimboka aliandika alama zetu za jaribio ubaoni bila majina: 28, 28, 28, 40, 42, 44, 98. Yangu ilikuwa 42.

"Aliye chini ya wastani simsajili kwa mtihani wa taifa," alisema. "Atarudia mwaka."

Nikajumlisha, nikagawa kwa saba. Arobaini na nne. Nikarudia, labda nimekosea. Arobaini na nne ileile. Mume wangu, Baba Goodluck, alishasema masomo ya jioni ni mwaka huu tu, mwakani nirudi shamba. Nikirudia, ndiyo basi.

Yassin, mwenye 98, aliyewahi kusoma sekondari Morogoro, akacheka. "Poleni jamani. Nimepandisha wastani, nyie mmebaki chini."

Naisenya, mwenzangu wa dawati, alikuwa amempakata mwanangu Goodluck, amelala. Yeye alipata 28. Akaninong'oneza, "Mama Goodluck, si tumesoma alama ya katikati? Sema hiyo. Utapita."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshika mtoto. Simama."

Nikasimama. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Agatha. Shikamoo ya pili leo hiyo." Darasa likacheka.

"Wastani umevutwa na alama moja, Mwalimu. Tukizipanga, ya katikati ni arobaini. Ndiyo inayoonyesha darasa lilivyo."

Akautazama ubao, akaguna. "Haya. Mpaka wa kupita uwe arobaini. Kaa."

Nilikuwa nimepita. Ningekaa. Lakini nilimsikia Naisenya akishusha pumzi, taratibu, asimwamshe mtoto.

"Kuna na alama inayojirudia zaidi, ishirini na nane," nikasema. Sauti haikuwa yangu. "Hao watatu wanakaa ng'ambo ya Mkondoa. Mto ulipojaa hawakuvuka, na ndiyo wiki tuliyosoma hesabu za sehemu. Nadhani wamekosa maswali yaleyale. Tazama karatasi zao, Mwalimu."

Akazilaza mezani zikifuatana. Akapitisha kidole kwenye ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilisikia honi ya bodaboda kutoka sokoni.

"Ni kweli, maswali ni yaleyale. Jumamosi nitawapa jaribio jingine. Nani atawafundisha?"

"Mimi."

"Una uhakika ni mto, si uvivu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kiasi kwamba jina lako lisajiliwe pamoja na yao, au wakishindwa lisiende kabisa?"

Goodluck akashtuka, akaanza kulia. Niliwaza Jumamosi, niliwaza jembe.

"Ndiyo," nikajibu, kabla hofu haijaniziba mdomo.

Tulipotoka, Naisenya na wenzake wawili wakakaa kwenye ngazi ya darasa. Nilikuwa na chapati moja ya mtoto. Nikaichana vipande vinne, nikainua kimoja.

"Hii ni robo," nikasema.

Naisenya akakichukua, akakilaza juu ya kingine, akapima kwa jicho.

"Hapana, mama. Hiki kimezidi. Hii si robo."