Imondo ya Osundwa

Mvuke wa kuku ulipanda taratibu kutoka sufuriani ukatanda jikoni, na ndani yake Jael akamwona marehemu mumewe, Osundwa, akinawa mikono. Humo mvukeni ndimo walimokutana kila Jumapili. Hakuhitaji mgeni mezani, au ndivyo alivyojidanganya.

Maana tangu mazishi, kijiji kizima cha Malinya kilijua kuwa mjane yule hali chakula na mtu. Hata imondo, firigisi ambayo kwao hutengewa mwenye nyumba, aliiweka kwenye sahani ya Osundwa mpaka ikapoa, kisha akampa paka. Paka akanenepa, yeye akazidi kukonda.

Jumapili hiyo mvua ilimkuta mpangaji wake, Chepng'etich, binti wa Kericho aliyehamia majuzi, akihangaika kibarazani na jiko la makaa lililozimika. Jael akamwonea huruma.

"Ingia ule, mwanangu. Ugali huwa napika mwingi tu, hata sijui kwa nini."

Wakala, mvua ikinong'ona juu ya mabati. Binti alisimulia vituko vya kwao, na Jael akajisikia akicheka, kicheko alichokuwa amekisahau. Kisha, bila kujua hili wala lile, Chepng'etich akaona firigisi imekaa peke yake kwenye sahani ya tatu, akaichukua, akaitia mdomoni.

Moyo ulimuuma Jael kana kwamba Osundwa amekufa tena.

"Hiyo ni ya mwenye nyumba," akasema kwa sauti ndogo.

Binti akaacha kutafuna. "Mwenye nyumba si wewe, Mama?"

Jael akaivuta ile sahani tupu upande wake. Chepng'etich akaomba radhi, akanawa, akatoka nje kwenye mvua.

Wiki hiyo walisalimiana kwa mbali. Jumapili ilipofika, Jael alifunua sufuria akamngoja Osundwa. Mvuke ulipanda, ukatanda, ukabaki mvuke tu. Akaogopa. Na katikati ya hofu hiyo, aibu iliyoje, alichokitamani si uso wa mumewe bali kile kicheko cha mezani. Kama binti yule angehama, nani tena angekirudisha?

Akajitanda leso, akaenda kubisha mlango wa mpangaji.

"Njoo tule. Peke yangu chakula hakishuki."

Chepng'etich alikuja, akakaa pembeni kabisa, mikono mapajani. Jael akachukua kisu, akaikata imondo vipande viwili, akamwekea binti kimoja.

"Na wewe, Mama?"

"Mimi sijawahi kuionja."

Jael akakitia kipande cha pili mdomoni, akatafuna. Akatafuna tena, macho yake yakielekea kwenye kiti kitupu cha Osundwa.

"Ngumu hivi?" akasema. "Na mzee alivyokuwa akifumba macho, nikidhani anakula asali."

Binti akajizuia, akashindwa. Wakacheka wote wawili, Jael akicheka huku machozi yanamtiririka, wala asiyafute.

"Kaa kile kiti, mwanangu," akasema hatimaye. "Huko uliko mchuzi hauufikii."

Chini ya meza, paka alikuwa bado anangoja.