Gari la Kumpeleka Dorika

Nianze kwa kuwatetea waliolitengeneza. Wao walifanya kazi yao, wakaliuza, Mjapani fulani akaliendesha mpaka akachoka nalo, na siku linapandishwa melini kuja kwetu lilikuwa na umri wa kuoa. Mwenye makosa ni mimi, niliyelikuta limeoshwa na matairi yamepakwa kiwi nikadhani nimepata gari jipya.

Ni Noah ya kijivu, ya watu wanane. Nililinunua kwa kiinua mgongo changu, mwaka niliostaafu kazi ya ubwana afya hapa Masasi, miaka mitano sasa. Watu wakauliza, huyu mzee Edmund, mgane asiye na mtoto, siti nane za nini? Niliwajibu kwa ukali kwamba nina ndugu Newala. Sikuwaambia kwamba tangu mke wangu Anastasia afariki nyumba ilikuwa kimya mno, hata kijiko kikianguka nashtuka, na nilidhani mwenye gari kubwa hakosi watu wa kumpakia.

Watu walikuja, sikatai. Walikuja kwa msiba wa Nanganga, wakaja kwa ubarikio wa Lukuledi, wakaja na wagonjwa wao. Gari lilipoanza kuumwa, nao wakaanza kuwa na shughuli. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka lifti yangu ilibidi asukume, na kusukuma si kila mtu anakupenda kiasi hicho.

Taa ya injini iliwaka mwezi wa pili tu baada ya kulinunua, na mpaka leo sijui ilikuwa inataka kusema nini. Ikafuata rejeta. Zikafuata shokapu, mbili za mbele, halafu za nyuma zikaona wivu. Fundi wangu anaitwa Majaliwa, na siwezi kumwita mwizi, kwa sababu mwizi huja mara moja akaondoka. Akibadilisha belti, pampu ya maji inavuja. Akiziba pampu, gia ya pili inakataa kuingia. Spea ukinunua ya bei rahisi inakufa baada ya mwezi, ukinunua ile wanayokuapia kwamba ni orijino inakufa vilevile, ila msiba wake unakuuma zaidi.

Niseme na jambo la aibu. Mtu aliyekuwa akinipigia simu kuliko wote ni huyo Majaliwa. Asubuhi ananipigia kuniambia kimeharibika nini, jioni ananipigia kuniambia kingine. Nami nilizoea. Kuna siku nilipeleka gari gerejini nikalalamikia mlio ambao hata mwenyewe sikuusikia, nikashinda pale chini ya mwembe wake mpaka saa kumi na moja, tukipiga soga na kunywa chai ya tangawizi. Alinitoza ya kukagua. Nililipa bila kubishana.

Mwaka juzi injini ikafa kabisa. Nilikuwa na mikorosho kumi na miwili kijijini kwetu Chilangala, huko Newala, fungu langu katika shamba la marehemu mama, nikaiuza kwa jirani nikanunua injini nyingine. Dada yangu Anjelina, anayeishi palepale kijijini, hakusema nami miezi minne. Aliponisamehe aliniambia kwamba mama alitupandia miti ili tuwe na pa kurudia, mimi nimeigeuza pistoni. Nilimjibu kwamba sasa nitakuja kuwaona kila mwezi. Sikwenda hata mara tatu mwaka ule, maana kila nikipanga safari gari lilikuwa juu ya jeki, na kwenda kwa basi wakati nina gari niliona ni kujifanya kichekesho mbele ya kijiji kizima.

Basi ndiyo ikaja harusi ya Dorika.

Dorika ni mtoto pekee wa Anjelina. Baba yake aliondoka mtoto akitambaa, hakurudi tena. Kwetu sisi Wamakonde hilo halikumwacha mtoto bila mwenyewe, kwa sababu mtoto ni wa mjomba. Mimi ndiye niliyempeleka darasa la kwanza, nikamlipia sekondari, nikambeba mgongoni alipougua malaria Anastasia akitangulia na taa. Ananiita njomba, kwa Kimakonde, hata tukiwa tunaongea Kiswahili. Kanisani padri huuliza ni nani anayemtoa bibi harusi, na mtu huyo humshika mkono na kumkabidhi. Hakukuwa na mjadala kwamba mtu huyo ni mimi. Ibada ilipangwa Jumamosi saa nne asubuhi, na nyuma yetu kulikuwa na ndoa nyingine mbili.

Anjelina alinitaka niende Jumatano, kwa basi, tukae vikao vya ukoo. Nikakataa. Gia boksi ilikuwa imefunguliwa vipande vipande kwa Majaliwa, na nilishaahidi kwamba bibi harusi atapanda gari la mjomba wake, lenye maua. Dada akasema kuna mtu kijijini ana gari, wameshamwomba. Nikamwambia amshukuru, gari lake hatulihitaji. Mwanangu aende kuolewa kwa gari la kuomba, na mimi ninalo?

Majaliwa alinikabidhi gari Ijumaa jioni. Nililiosha mwenyewe, nikafunga riboni nyeupe na waridi kutoka boneti mpaka kwenye vioo, nikabandika maua ya plastiki. Kwa mara ya kwanza tangu nilinunue nililipenda.

Jumamosi saa kumi na mbili nikaondoka, nimevaa suti niliyoshonewa kazini wakati wa kuagwa. Gia ziliingia kama kisu kwenye siagi. Nikaimba njia nzima mpaka tulipoanza kupanda mlima wa Newala, na pale kwenye kona ya tatu mshale wa joto ukapanda, mvuke ukafumka chini ya boneti, na gari likasimama. Ilikuwa saa moja na nusu.

Mpira wa rejeta ulikuwa umechomoka. Majaliwa aliutoa ili aifikie gia boksi, aliporudisha hakukaza klipu. Nilimpigia nikamweleza alivyo, yeye na gereji yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema anakuja na bodaboda. Maji yote yalikuwa yamemwagika, na huko juu hata maji ya kunywa ni ya kununua kwa ndoo. Nikakaa kwenye jiwe kando ya barabara na maua yangu. Waliopita kwa pikipiki walipiga honi za harusi, wengine wakapiga vigelegele, mpaka walipoona mvuke wakacheka.

Saa mbili likaja basi la Newala. Dereva alipunguza mwendo, kondakta akatoa kichwa mlangoni.

"Mzee, panda. Siti ipo moja."

Kutoka pale hadi Newala mjini haikuwa hata saa moja, na kutoka mjini hadi Chilangala bodaboda zipo tele. Ningefika kabla ya saa nne. Nililijua hilo palepale, sitaki kujidanganya kwamba sikulijua. Lakini nililitazama gari, nikafikiri wezi watalitoa matairi na betri. Nikafikiri pia nitakavyoteremka kwenye bodaboda na suti yangu, vumbi mpaka kwenye nyusi, mbele ya watu niliowatambia, wakiniuliza gari liko wapi. Nikamwambia kondakta aende, fundi yuko njiani. Basi likaondoka.

Saa mbili na nusu Dorika mwenyewe akapiga simu.

"Shikamoo, njomba."

"Marahaba, mwanangu. Nakuja. Limechemsha kidogo tu, tunamalizia."

"Njomba, acha gari. Panda chochote kinachopita, uje."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hatapelekwa kanisani kama gunia la korosho. Akasema haya, akakata simu.

Majaliwa alifika saa tano. Ilikuwa imeshapita saa nzima tangu ibada ianze. Alikaza mpira, akaenda na bodaboda yake kutafuta maji, akarudi na ndoo mbili, likawashwa likagoma, akafungua plagi akazipangusa, likawashwa tena. Sikumtukana. Niliinama naye nikimshikia spana, na kwa muda ule wote simu yangu haikuita hata mara moja. Saa saba na nusu injini ikaunguruma vizuri, nikapanda mlima.

Niliingia Chilangala saa tisa. Turubai limetandazwa, muziki unapigwa, watu wanakula pilau. Watoto waliokuwa karibu na barabara walilikimbilia gari, wakaanza kung'oa maua. Anjelina alikuja akiwa amejifunga kitenge cha sare ya harusi. Kitenge cha sare yangu, cha kushona shati, kilikuwa bado kwake, kimekunjwa, kwa sababu sikwenda kukichukua Jumatano. Nilitegemea anifokee. Hakunifokea.

"Umefika, kaka. Karibu, unawe ule," akasema, kama anavyomwambia mgeni.

Nilimuuliza nani amemtoa Dorika. Akaniambia mambo yameshapita, nikale. Nikamuuliza tena. Akasema wazee watatu walijitolea, wote akawakataa, akatembea mwenyewe kutoka mlango wa kanisa mpaka mbele.

Dorika aliniona kutoka meza kuu akasimama, na shela lake lote, akaja mpaka nilipo. Alinisalimia, akapiga goti kidogo kama anavyofanya siku zote, akanyoosha mkono. Mikono yangu ilikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko. Nikaificha nyuma nikamwambia nitamchafua. Aliushusha mkono wake taratibu. Mpiga picha akamwita, akaenda. Nilikuwa na miaka sitini na tano na nilitaka kulia kama mtoto aliyesahauliwa sokoni, lakini watu walikuwa wanakula.

Nilinawa, nikakaa mwisho wa safu karibu na spika. Hakuna aliyenisogelea. Hawakuwa na hasira nami, hilo ndilo lililoniuma. Walikuwa wameshamaliza siku yao bila mimi, na ilikuwa imeenda vizuri.

Karibu na saa kumi na moja Anjelina akarudi. Kulikuwa na wanawake saba wa upande wa mume, wa Newala mjini, waliokuja kwa lori ambalo limeshaondoka na vyombo. Akaniuliza kama gari limepona. Nikasema limepona. Akaniomba niwapeleke.

Waliingia na kanga zao na mabakuli ya pilau. Gari likajaa harufu ya manukato na iliki. Kwa miaka mitano nilikuwa nikiingoja siku ya kusikia kelele za aina hiyo ndani yake. Waliimba, wakagonga dirisha kwa mapigo, mmoja akanirushia kanga begani akisema dereva naye acheze. Gari lilienda bila kukohoa. Mbele, kando yangu, alikaa bibi mmoja, shangazi wa bwana harusi, akitafuna korosho kutoka kwenye kiganja, na kila mara ananigawia moja.

Nyuma walianza kumsema bibi harusi. Mzuri, ana adabu, ila kale kajambo ka kanisani kaliwaliza. Bibi akanigeukia ili anihadithie na mimi, nisipitwe. Akasema padri aliuliza ni nani anayemtoa mwanamke huyu, na binti akajibu mwenyewe, kwa sauti ya kusikika mpaka nje: "Njomba wangu. Yuko njiani." Padri akafunga kitabu, akangoja. Akangoja mpaka wenye ndoa iliyofuata wakaanza kuchungulia mlangoni. Ndipo akamwinamia binti akamuuliza kitu, na binti akatikisa kichwa, wakaendelea.

"Eti ni gari lilimchelewesha," akasema mmoja wa nyuma. "Mtu gani huyo. Dereva, wewe si wa huku? Unamjua huyo mjomba?"

Ningeweza kusema simjui. Walikuwa wageni, tungeachana mjini wasinione tena, na kanga ilikuwa bado begani kwangu.

"Ni mimi," nikasema.

Mikono iliyokuwa ikigonga dirisha ikatulia. Nilisikia mtu akimnong'oneza mwenzake, na injini ikinguruma vizuri kuliko siku yoyote niliyowahi kuisikia. Bibi alishika korosho zake bila kutafuna. Alinitazama muda mrefu, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka kuelewa.

"Sasa baba," akaniuliza kwa upole, "si ungepanda basi tu?"

Niliitoa kanga begani, nikairudisha nyuma, nikawaendesha mpaka Newala.